Merikebu Iliyotukalisha Meza Moja

Akina mama wenzetu, huenda mtashangaa kusoma habari za merikebu kutoka Mkuu, Rombo. Hapa kwetu, ukisimama uani asubuhi na mapema kabla ukungu haujashuka, unaiona Mawenzi juu ya migomba, na upande wa chini unaiona nyika inayoelekea Kenya. Bahari huioni. Wapo wazee wa kijiji chetu waliozaliwa na kuzikwa bila kuitia machoni. Hata hivyo, juu ya kabati letu la vyombo, karibu na picha ya harusi yetu, ipo merikebu ya mbao yenye milingoti miwili na matanga ya rangi ya kahawa. Tuliiunda wenyewe, nasi hatukuwa na ujuzi wowote wa kazi hiyo. Wageni wakiiona huuliza tuliinunua wapi na kwa bei gani. Leo tunataka kueleza ilivyotugharimu.

Tunaandika tukiwa wawili, mume na mke. Mama ndiye anayeshika kalamu, na baba ameketi karibu akisahihisha majina ya vifaa.

SANDUKU LA DARINI

Kama familia nyingi za Uchagani, tuliishi miaka mingi ya ndoa yetu tukiwa mbalimbali. Baba alikuwa fundi wa mitambo Kigoma. Mama alibaki kihambani na watoto, ng'ombe na kahawa. Krismasi baba alikuja, akakaa wiki mbili au tatu, kisha akarudi kazini. Watoto wetu wanne walikua hivyo. Wakubwa watatu wakazoea, wakaondoka kwenda kutafuta maisha. Kitinda mimba wetu alikuwa na umri wa miaka 15 baba alipostaafu na kurudi nyumbani moja kwa moja, mwaka 2020.

Tulidhani shida imekwisha. Kumbe ndani ya nyumba tulikuwa na watu wawili wasiojuana. Asubuhi mtoto alimwamkia baba yake, baba akaitikia marahaba, na maneno yakaishia hapo. Baba akitoa agizo juu ya majani ya ng'ombe, mtoto alimtazama mama kwanza, kama kwamba anauliza ikiwa agizo hilo ni la kweli. Jambo hilo lilimwuma baba, akaanza kutoka jioni kwenda kilabuni kwenye mbege. Mama naye akawa mkalimani kati ya watu wenye lugha moja: "Mwambie baba yako." "Mwambie mwanao." Wapo wasomaji watakaotuelewa bila maelezo zaidi.

Mwezi wa Juni mwaka uliofuata, wakati wa baridi, tulipanda darini kutafuta magunia. Nyuma ya debe kuukuu tukakuta sanduku refu la karatasi ngumu, limeliwa na mende pembeni, juu yake picha ya merikebu. Baba akacheka. Aliletewa sanduku hilo miaka ya themanini na Mkanada mmoja aliyekuja nchini kwa kazi za reli, wakaagana akampa kama zawadi pamoja na sarafu moja ya senti 10 za kwao. Baba aliahidi kuiunda merikebu hiyo akipata nafasi. Nafasi haikupatikana kwa zaidi ya miaka 30.

Mama alipotazama ndani aliona vijiti, akasema vitafaa kuwashia moto. Lakini kitinda mimba alikuwa amekwisha utandaza mchoro mkubwa sakafuni, amepiga magoti. Baba akapiga magoti upande wa pili ili amwonyeshe mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Mama akasimama mlangoni na gunia mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakitazama kitu kimoja. Hakusema tena habari ya kuni.

MERIKEBU YA WAVUVI

Mfano wetu ulikuwa wa merikebu ya kweli, jina lake Bluenose. Iliundwa Lunenburg, mji wa wavuvi katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, ikashuliwa majini mwaka 1921. Urefu wake ulikuwa karibu mita 43. Haikuwa merikebu ya wafalme wala ya vita. Nahodha wake Angus Walters na mabaharia wake walivua samaki katika maji ya baridi ya Atlantiki, na msimu wa uvuvi ulipokwisha walishindana mbio na merikebu za wavuvi wa Marekani, wakashinda mara nyingi mpaka jina likaenea nchi nzima. Tangu mwaka 1937 sarafu ya senti 10 ya Kanada ina picha ya merikebu ya namna hiyo. Bluenose yenyewe ilivunjikia kwenye mwamba karibu na Haiti mwaka 1946.

Tulichukua ile sarafu ya Mkanada kutoka kwenye kopo la vifungo tukaisugua kwa majivu. Merikebu ilikuwapo, ndogo kama kucha ya kidole. Kitinda mimba akaiweka juu ya meza mbele ya sanduku. Ilikaa pale miezi sita.

TULIANZA KWA KUHESABU

Kosa la kwanza la mtu asiyejua ni kukimbilia gundi. Sisi tungelifanya, ila gundi iliyokuwamo sandukuni ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Hivyo tukalazimika kutulia na kuhesabu vipande kwa kufuata orodha.

Matokeo yalikatisha tamaa. Sanduku la zamani halifanani na la siku hizi ambalo vipande vyake huja vimekatwa tayari. Mbavu za merikebu zilikuwa zimechorwa tu juu ya plaiwudi, kila moja ikingoja msumeno. Vijiti virefu vya kufunika ubavu vilikuwa vimekauka, vingine vikavunjika tulipovigusa. Shanga za milingotini hazikuwamo, na nguo ya matanga ilikuwa na madoa ya panya. Maelezo yalikuwa ya kurasa chache, yakidhani msomaji ni fundi tayari. Kitinda mimba akasema, "Haiwezekani," akainuka.

Hapo baba akamweleza habari ya Liemba. Kwa miaka yote aliyokaa Kigoma aliiona meli ile ikiondoka bandarini, na akina mama wa vijiji vya kandokando ya Ziwa Tanganyika wakiipanda kutoka kwenye mitumbwi, mtoto mgongoni na furushi kichwani. "Unajua ilifikaje?" akauliza. "Ilikuja ndani ya masanduku, kama hii."

Na ni kweli. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko kwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda kile walikuja kusimamia kazi, na wenyeji wengi wakaifanya kwa mikono yao. Ilishuliwa ziwani tarehe 5 Februari, 1915, wakati wa vita, ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kwanza waliipaka mitambo mafuta mazito isile kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka chini ya maji, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

"Masanduku 5,000," baba akasema. "Sisi tunalo moja." Kitinda mimba akarudi akaketi.

MGONGO NA MBAVU

Watu wa pwani wana majina ya viungo vyote vya chombo, na baba aliyajua baadhi. Mkuku ndio mgongo, ubao mrefu wa chini unaobeba kila kitu. Mataruma ndiyo mbavu. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Sakafu ya juu ni sitaha. Jioni zile za baridi majina hayo yakaanza kusikika nyumbani kwetu. Jirani mmoja alipotukuta na mbavu za merikebu mezani alimwita baba Nuhu, akauliza kama gharika itafika mpaka Mkuu. Jina likamganda hadi leo.

Tulienda kwanza kutoa nakala za mchoro kwenye duka la fotokopi, ili ule wa asili usikatwe. Seremala wa jirani alituazima msumeno mwembamba wa kukatia urembo. Mbavu tulizikata nje kidogo ya mstari, kisha tukazisugua kwa msasa mpaka kwenye mstari wenyewe, maana ubao uliokatwa kupita kiasi haurudi. Kila ubavu tulijaribu kuuingiza katika pengo lake bila gundi, tukatazama kwa kipimio kama umesimama wima, ndipo tukaugundisha. Tulitumia gundi nyeupe ya seremala. Kwa baridi ya Rombo gundi hiyo ilichelewa kukauka, na siku moja tuliposogeza kazi karibu na meko ili iwahi, ubavu mmoja ukapinda. Tangu hapo tuliiacha ikauke usiku kucha.

Kazi hizi hazina maneno mengi. Mmoja anashika, mwingine anapaka. Lakini watu walioketi meza moja wakiwa na mikono yenye kazi huanza kuzungumza hata wasipokusudia. Tulisikia habari za shule ambazo mama hakuzijua. Kitinda mimba alisikia habari ya baba yake kulala na homa peke yake katika chumba cha kupanga Kigoma, Krismasi moja aliyokosa kuja. Sisi wakubwa tulikuwa hatujaizungumza wenyewe habari hiyo.

KUSHOTO NA KULIA

Sasa tufike mahali pagumu. Mbavu zikisha simama, merikebu hufunikwa kwa vijiti vyembamba, kimoja baada ya kingine, kuanzia karibu na sitaha kushuka chini. Vijiti hulowekwa katika maji ya moto kwa nusu saa hivi ili vikubali kupinda, kisha hushikiliwa na pini na vibanio vya nguo mpaka vikauke. Na iko sheria moja isiyovunjwa: kijiti kimoja kushoto, kimoja kulia. Ukijaza upande mmoja kwanza, vijiti vinavyokauka huvuta mkuku, na merikebu yote hujipinda kama ndizi.

Baba aliisoma sheria hiyo mchoroni. Hakuisema. Mwezi wa Septemba akasafiri kwenda Moshi kwa siku mbili, na kitinda mimba, aliyekuwa likizo, akataka kumfurahisha. Alifanya kazi mpaka usiku wa manane kwa taa, akajaza vijiti sita upande wa kushoto, vizuri, bila pengo. Asubuhi mama alivisifu. Hatukujua.

Baba aliporudi, merikebu ilikuwa imejipinda. Aliiinua akaitazama kutoka omo hadi tezi, akaiweka chini. Kisha akamwambia mtoto kwamba ameharibu, kwamba hana mikono ya kazi, na kwamba hajui nani alimfundisha kufanya mambo bila kuuliza.

Mtoto akajibu, "Hakuna aliyenifundisha. Wewe hukuwepo."

Kwetu mtoto hamjibu baba yake namna ile. Baba akainuka. Mama akasimama katikati. Kitinda mimba akatoka na shati lililokuwa mwilini, akapita mgombani gizani, akaenda kulala kwa bibi yake, mama mzazi wa baba. Hakurudi kesho yake, wala kesho kutwa.

Siku hizo mbili zilikuwa ndefu. Baba hakwenda kilabuni, wala hakuzungumza. Mama alikuwa na hasira na wote wawili, na zaidi na nafsi yake, maana kwa miaka mingi mtoto alipouliza baba yu wapi alimjibu tu, "Yuko kazini," kama vile jibu hilo linatosha. Usiku wa pili tuliketi mezani, merikebu iliyopinda katikati yetu, tukaambiana mambo hayo. Mengine ni yetu. Lakini tulikubaliana kwamba neno la mtoto lilikuwa baya kwa namna lilivyosemwa, na lilikuwa kweli.

Kisha, kwa kuwa hatukuweza kulala, tulichemsha maji. Gundi nyeupe hulegea ikipata joto na unyevu. Mama alikamua vitambaa vya moto akavilaza juu ya vijiti, baba akavibandua taratibu kwa kisu chembamba, kimoja kimoja, mpaka vyote sita vikatoka. Kimoja tu kilivunjika. Tukauweka mkuku juu ya ubao ulionyooka, tukaufunga kwa kamba na kuwekea matofali, ukakaa.

JANI LA ISALE

Jioni ya siku ya tatu kitinda mimba alirudi. Alikuwa ameshika jani la isale. Bibi yake ndiye aliyelikata na kumpa. Wasiotoka Uchagani wajue kwamba mtu akileta isale kuomba msamaha, hakataliwi.

Baba alilipokea kwa mikono miwili. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Na mimi nani atanikatia isale nikuletee wewe?" Mtoto hakuelewa. Baba akasema tena, kwa sauti ya chini, "Ulilosema ni kweli. Sikuwepo. Na sheria ya kushoto na kulia niliijua, sikukuambia."

Katika zaidi ya miaka 30 ya ndoa mama hakuwahi kumsikia baba akimwambia mtoto yeyote neno kama hilo. Hatukulia wala hatukukumbatiana, hatuna desturi hiyo. Tulikula mtori. Baada ya chakula baba aliufungua mkuku, akautazama kwenye taa. Ulikuwa umenyooka, ila si sawasawa kabisa. Akampa mtoto vijiti vya upande wa kulia, yeye akachukua vya kushoto, wakaanza upya: kimoja huku, kimoja kule.

Msidhani kwamba tangu siku ile nyumba yetu ikawa ya malaika. Bado walibishana. Bado zilikuwapo jioni ambazo baba alipita kilabuni, ingawa zilipungua. Na ukiitazama merikebu yetu kwa karibu utaona upande wa kulia, karibu na omo, pana uvimbe mdogo mahali vijiti vilipokataa kukaa. Mtaalamu angesema tungepunguza upana wa vijiti kuelekea omo, kwa sababu ubavu ni mwembamba pale. Tulijua baadaye. Tuliujaza kwa unga wa msumeno uliochanganywa na gundi, tukausugua kwa msasa, lakini unaonekana. Vijiti vilivyopungua tulichongewa na seremala kwa mringaringa, mti ambao wazee wetu wanautumia kwa mizinga ya nyuki. Vilikubali kupinda kuliko vile vya sandukuni.

KAZI YA UZI

Merikebu ilipofika kwenye milingoti, akina baba waligundua kwamba nusu ya kazi iliyobaki ni ya mwanamke. Matanga manane ya kushonwa na kukunjwa pindo. Kamba za kushikilia milingoti. Ngazi za kamba wanazopandia mabaharia, zenye mafundo ya mamia. Baba alifunga mafundo kumi akatafuta miwani. Mama aliyezoea kufuma vitambaa vya meza alikamilisha upande mmoja kwa jioni tatu. Nyuma ya kamba aliweka karatasi yenye mistari, ili kila ngazi iwe na nafasi sawa. Nyuzi tulizipitisha kwanza kwenye nta ya nyuki, zikawa laini bila vinyweleo na hazilegei upesi. Badala ya shanga zilizopotea tulinunua nyingine sokoni Mkuu.

Nguo ya zamani iliyotobolewa na panya tuliitupa, tukatumia kipande cha shuka ya pamba. Baba alitaka kuikata mara moja. Mama akamzuia: kila anayeshona anajua kwamba kitambaa hulowekwa kabla ya kukatwa, kisije kikaruka. Tulikichemsha katika kahawa yetu wenyewe mpaka kikapata rangi ya tanga lililozeeka baharini, tukakianika, tukakipiga pasi, ndipo mkasi ukaingia.

Jioni moja, tukishona, baba alimweleza kitinda mimba kwamba hata pwani ya Waswahili walikuwapo mafundi walioshona merikebu nzima. Chombo hicho kiliitwa mtepe. Mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya misumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ilikoma kuundwa mapema katika karne ya 20, na sehemu ya yale yanayojulikana leo juu ya umbo lake yametokana na mifano midogo iliyotengenezwa na mafundi wa pwani na kutunzwa katika makumbusho. Mama aliposikia hayo akauliza kwa nini basi walikuwa wakimwita msaidizi.

KRISMASI

Uchagani wakati wa Krismasi nyumba hujaa. Wakubwa wetu walikuja wote, na wajukuu. Merikebu ilikuwa mezani, imebaki kufungwa kamba chache za nyuma. Kitinda mimba aliwaonyesha kila kitu, mkuku, mataruma, hata ule uvimbe.

Kifungua mimba wetu, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, aliitazama muda mrefu. Kisha akasema, akitabasamu lakini si kwa mzaha, "Sisi wengine hata gari la waya hatukutengenezewa."

Chumba kikanyamaza. Tulijua siku hiyo ingekuja. Baba hakuwa na jibu, na tunashukuru kwamba hakulitafuta. Alivuta kiti kilichokuwa kando yake. "Kamba ya mwisho haijafungwa," akasema. "Mimi macho yangu hayaoni." Mwana akasimama kidogo, kisha akaketi. Mikono yake mikubwa ilitetemeka na uzi ule mwembamba. Alirudia mara tatu. Mdogo wake alimshikia taa. Hawakuzungumza habari nyingine usiku ule, lakini hakuna aliyeondoka mezani mpaka saa sita.

KWA WENYE KUTAKA KUJARIBU

Wengine watauliza watapata wapi sanduku kama letu. Si lazima liwe merikebu. Lakini anayelipata la zamani, au anayetaka kuunda mfano kwa mbao za nyumbani, haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Hesabu vipande vyote kabla ya kugusa gundi. Kilichokosekana tafuta mapema.

2. Toa nakala ya mchoro, ule wa asili usiukate kamwe.

3. Jaribu kila kipande kikiwa kikavu. Gundi iwe kidogo, na usiku uwe mrefu.

4. Sugua kingo za mbavu zifuate mteremko, ili kijiti kilale juu ya kila ubavu bila pengo.

5. Loweka vijiti, na kuelekea omo vipunguze upana. Toboa kwanza kitundu chembamba mahali pa pini, ama kijiti kitapasuka.

6. Kijiti kimoja kushoto, kimoja kulia. Waambie wote walio mezani, hata mdogo kuliko wote.

7. Loweka na kutia rangi nguo ya matanga kabla ya kuikata. Nyuzi zipake nta.

8. Funga kwanza kamba zinazoshikilia milingoti, halafu zile za kuongozea matanga, ukianzia ndani kwenda nje, ili mkono upate pa kupita.

9. Mfano wa kupamba nyumba usiupeleke majini. Kitinda mimba wetu alitaka kuujaribu Ziwa Chala, tulikataa katakata.

10. Wembe, sindano na pini zihesabiwe kila jioni ikiwa nyumbani kuna watoto wadogo.

Kitinda mimba wetu amekwisha maliza kidato cha nne, na sasa anajifunza ufundi Moshi. Akija nyumbani humwamkia baba yake, kisha huketi. Mwezi uliopita mama jirani, ambaye mume wake amerudi kutoka Tanga baada ya miaka mingi, alikuja kuuliza kama ule mchoro bado tunao. Tulimpa nakala, pamoja na msasa uliobaki na vibanio vya nguo. Sarafu tulibaki nayo.